Siri Yenye Nakala Arobaini na Moja

Msinitazame hivyo. Nchi ninayotaka kuwasimulia siyo yenu. Yenu naijua, ni nzuri, ina sheria. Hii yangu inaitwa Jamhuri ya Shwarini, na kama mtamwona humo mtu anayefanana na mkubwa wenu wa kazi, basi huyo mkubwa ndiye aulizwe kwa nini amejifananisha.

Mimi naitwa Mzee Mpalule. Ni karani wa masjala, miaka ishirini na tisa kazini, na sijawahi kupoteza faili hata moja. Yapo ambayo hayajaonekana, lakini kupotea hayajapotea. Nimeajiriwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Shwarini, na tangu mwaka juzi nimehamishiwa Ofisi ya Siri. Jina lake kamili ni Ofisi ya Msaada wa Siri kwa Walioathirika na Vitendo Visivyopendeza. Mwanzoni rasimu ilisema "udhalilishaji wa kingono," lakini Baraza la Chuo lilikaa siku mbili, likala mbuzi wawili, likaona maneno hayo yatawaumiza roho walimu. Ndipo wakachagua "visivyopendeza," ambavyo vinaweza kuwa hata maharage ya kantini.

Waziri mwenyewe alikuja kutuzindua. Bendi ya magereza ilipiga, utepe ukakatwa, akahutubia saa mbili na robo juani. "Ndugu zangu, Serikali haitavumilia!" alinguruma. "Narudia, haitavumilia! Na wale wanaodhani Serikali itavumilia, nawaambia kweupe, Serikali imekwisha vumilia vya kutosha na itaendelea hivyo hivyo!" Tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Kisha akaomba wasichana wote waliowahi kuathirika wasimame pale uwanjani, mbele ya wakuu wa vitivo na televisheni ya taifa, ili awape mkono. Hakusimama hata mmoja. "Mnaona?" akasema Waziri. "Ofisi haijafungua hata mlango, tatizo limekwisha!"

Jengo letu ni zuri, sikwambii. Lipo katikati ya kantini na uwanja wa mpira, na kuta zote nne ni za kioo, kwa ajili ya uwazi. Nje pana kibao kirefu kuliko mlango wa kanisa, chenye mshale mwekundu, na chini yake benchi limeandikwa WALIOATHIRIKA WAKAE HAPA. Ni benchi la mninga, mimi mwenyewe nililisimamia. Kwa miezi minane hakuna aliyelikalia isipokuwa paka wa kantini. Mkurugenzi wetu, Daktari Mwantumu Kiloloma, mama mpole, mwenye kusema huku ameweka mkono kifuani, aliandika ripoti kwamba malalamiko ni sifuri, na chuo kikapewa ngao ya usafi wa maadili. Tukaitundika ukutani. Ukuta wa kioo haushiki msumari, kwa hiyo tukaifunga kwa kamba.

Basi mwezi wa tano, siku ya Jumanne, saa nne, kantini ikiwa imejaa, akaja binti mmoja akakaa kwenye benchi.

Jina lake Zawena Hakimbo, mwaka wa mwisho, alikuwa akisoma mambo ya udongo. Mwembamba, koti la maabara limemzidi, begi amelikumbatia kifuani. Nikamwita kwa kipaza sauti kama utaratibu unavyotaka: "Aliyeathirika namba moja, Zawena Hakimbo, karibu!" Watu wa kantini wakageuka na vijiko mdomoni.

"Shikamoo mzee," akasema.

"Marahaba, binti. Kaa, usiogope."

"Naomba iwe siri, mzee wangu. Tafadhali."

"Ebo! Umeingia Ofisi ya Siri halafu unaniomba siri? Unaniombaje chumvi baharini?"

Akanieleza. Msimamizi wa tasnifu yake alikuwa Profesa Gaudensi Mtwale, mtu mkubwa, tumbo lake hutangulia kikaoni. Zawena alikuwa amemaliza sura zote tano, udongo wa chumvi wa kwao ameupima miaka miwili, kilichobaki ni sahihi tu. Profesa alimwambia sahihi hutolewa nyumbani kwake, Jumamosi, mama watoto akiwa safari, na aje amejifukiza udi. Hakwenda. Jumatatu yake Profesa alimfungia mlango maabara akamshika. Alisema ameshikwa wapi. Mimi niliandika "sehemu mbalimbali," maana mashine yetu ya kuchapa ni mali ya umma.

"Sitaki afungwe," akasema Zawena. "Sitaki aaibike. Nataka kitu kimoja tu. Mnipe msimamizi mwingine anisainie kabla ya tarehe thelathini Juni. Orodha ya mahafali inafungwa siku hiyo. Nikikosa sahihi, miaka minne yangu imekwenda na maji."

Jambo dogo kabisa, nikaona. Nikampa Fomu Namba Saba. Ina kurasa kumi na nane na imeandaliwa na wataalamu. Siku ya tukio ulivaa nini, na kwa nini? Je, ulitabasamu? Kama ndiyo, yalionekana meno mangapi? Je, ulipiga kelele, na kama ulipiga, ulikuwa na kibali cha kupiga kelele eneo la maabara? Zawena alijaza yote. Kwenye swali la meno aliandika sifuri, na penseli ikavunjika.

Sasa hapa nitawaeleza jambo moja la kwetu, mpate kuelewa. Shwarini hakuna barua inayotoka ofisini bila orodha ya nakala pale chini. Barua isiyo na nakala kwetu tunaihesabu kuwa ni umbea. Ukiomba likizo, nakala kwa Mkuu wa Idara, nakala kwa Mhasibu, nakala kwa Kamanda wa Zimamoto. Na kama barua imegongwa muhuri wa SIRI, ndipo Kanuni ya Kumi na Nne inapoingia: kila mtu anayeweza kuivujisha siri sharti aarifiwe kwa maandishi ni siri ipi asiyoruhusiwa kuivujisha. Ina mantiki. Utamkatazaje mtu kusema jambo asilolijua?

Kwa hiyo nikaketi nikachapa barua ya Zawena, aya moja, na nakala arobaini na moja. Makamu Mkuu wa Chuo. Wakuu wa vitivo wote tisa. Mkuu wa Usafi. Profesa Mtwale, kwa taarifa na utekelezaji. Mlezi wa bweni la wasichana. Mpishi Mkuu. Kocha wa mpira wa wavu. Mwenyekiti wa kwaya. Nakala ya arobaini na moja ilikwenda ubao wa matangazo, na juu yake nikaandika kwa wino mwekundu: TANGAZO HILI NI SIRI. Sikukosea hata herufi moja, na siku ile nilijisikia mtu wa maana.

Kufika mchana chuo kizima kilikuwa kinatunza siri ya Zawena. Sijapata kuona nidhamu ya namna ile! Alipoingia kantini, Mama Shani mpishi alimpakulia maharage mpaka yakamwagika, akamwambia kwa sauti ya foleni nzima kusikia, "Pole mwanangu kwa lile jambo ambalo silijui!" Kwaya ilimwombea kwa jina lake kamili, kwa ajili ya "tukio tusiloruhusiwa kulitaja, lililotokea maabara ya pili." Wavulana wa uhandisi walipomwona wakawa wanaweka kidole mdomoni, "shhh," halafu wanakufa kwa kicheko. Wenzake wa chumbani walihamisha magodoro yao, si kwa ubaya, waliogopa wasije wakaota wakasema.

Profesa Mtwale naye akaja na nakala yake mkononi. Loh, nilidhani amekasirikia tuhuma.

"Mpalule," akasema, akakalia meza yangu, meza ikalia. "Hebu niambie. Mimi ni profesa kamili. Nimekaaje kwenye orodha ya nakala chini ya Mkuu wa Usafi?"

Nikaomba radhi sana. Nikazichapa upya zote arobaini na moja na kumpandisha mpaka namba mbili, baada ya Makamu Mkuu. Akanipiga bega, akasema kazi yangu ni safi, ila huyo binti ana mikono baridi. Tukacheka kidogo. Kwani ningefanyaje?

Zawena alirudi siku ya pili, macho mekundu.

"Mzee, nani amewaambia watu?"

"Ofisi," nikamjibu bila kuficha. "Imewaambia wasiseme."

"Lakini wanasema!"

"Basi wanakiuka. Jaza Fomu Namba Tisa, moja kwa kila aliyekiuka."

"Wako elfu nne, mzee!"

Mtu hana shukrani kabisa. Nikampeleka kwa Mama Mkurugenzi, na Daktari Kiloloma akaweka mkono kifuani. "Mwanangu," akasema kwa ile sauti yake ya asali, "hapa tunakuamini. Tunakusikia. Tuko na wewe. Sasa niambie ukweli: mbali na sisi, kuna mtu mwingine yeyote uliyemwambia?"

"Nilimwambia mama yangu."

"Ahaa," akasema Mama Mkurugenzi, akafumba macho kama mtu aliyechomwa sindano. "Ndipo ilipovujia."

Zawena akapewa onyo la maandishi kwa kuvujisha siri ya ofisi kwa mtu asiyekuwamo katika orodha. Nakala arobaini na moja.

Msidhani lakini kwamba ombi lake tulilikalia. Kamati iliundwa. Kanuni inataka mwenyekiti awe mtu mwenye uzoefu wa mambo haya, na chuo kizima hakukuwa na mwenye uzoefu kumshinda Profesa Mtwale, aliyewahi kutuhumiwa mara kumi na moja na kusafishwa mara kumi na moja. Akaongoza kikao kwa haki kabisa. Liliposomwa jina lake mwenyewe kama mtuhumiwa, alitoka nje kwa heshima, akajisubiri, akaingia tena. Na mtashangaa: alikubali ombi! "Mimi sina kinyongo na mtoto," aliwaambia wajumbe. "Apewe msimamizi mwingine. Ila tufuate taratibu."

Nilipompa Zawena habari hiyo alishika meza. "Kweli mzee? Nitasainiwa?" Akacheka. Ndiyo mara ya kwanza nikayaona meno yake, ana mwanya. Nilifurahi, jamani, msidhani mimi ni jiwe. Nina mabinti watatu.

Sasa, taratibu zenyewe ni hizi. Shwarini hakuna kinachotoka mkono mmoja kwenda mwingine bila makabidhiano. Funguo, trekta, kabati, wodi ya wagonjwa, vyote hukabidhiwa ana kwa ana na kusainiwa, isipokuwa urais, ambao haujawahi kubadili mikono. Mwanafunzi naye hivyo hivyo. Msimamizi anayeondoka sharti akae naye, ahakiki sura moja moja, aweke sahihi kwamba amemtoa akiwa mzima, ndipo msimamizi mpya ampokee. Na kwa kuwa shauri hili lilikuwa la siri, kamati iliagiza makabidhiano yafanyike kwa siri: ofisini kwa Profesa, ghorofa ya nne, tarehe ishirini na tisa Juni, saa mbili asubuhi, mlango umefungwa kwa ufunguo, wao wawili tu. Msimamizi mpya alituma udhuru. Atasaini baadaye.

Zawena aliisoma barua ile amesimama. Ule mwanya sikuuona tena.

"Mzee Mpalule," akasema taratibu, "hawa watu wana akili timamu?"

"Ni kikao cha wajumbe kumi na watatu, binti. Wote hawawezi kuwa wagonjwa."

"Nisipokwenda?"

"Itahesabika umeliondoa ombi lako. Kesho yake orodha inafungwa."

Kule nje wachezaji wa mpira walikuwa wamesimamisha mazoezi wanatutazama kupitia kioo. Halafu Zawena akaniinamia, akanishika mkono, mkono wake kweli ulikuwa baridi. "Baba," akasema, hakusema tena mzee, "nakuomba. Twende wote. Hata ukisimama mlangoni tu."

"Mlangoni naruhusiwa. Fomu ya makabidhiano naishika mimi, nitakuwa kwenye korido."

"Nikikuita utaingia?"

Mimi sidanganyi watoto wa watu. Nikamweleza kwa upole: nikiingia nitakuwa shahidi, na jambo lenye shahidi si siri tena, na jambo lisilo siri halimo katika ofisi yetu. Nitakuwa nimemharibia shauri lake mwenyewe. Kisha akasema nikiwapo tu pale mlangoni, basi, inatosha.

Tarehe ishirini na tisa ikafika. Alikuja saa mbili kasoro tano, amefunga kilemba kipya, tasnifu yake ameijalidi kwa karatasi ya bluu. Akaniamkia. Akavuta pumzi, akaingia, na ufunguo ukazunguka mara mbili ndani ya kitasa. Nikaketi kwenye korido, fomu magotini, kalamu tayari.

Kuta za ghorofa ya nne ni za mbao nyembamba, zilijengwa mwaka wa njaa. Kanuni ya makabidhiano ya siri haisemi karani azibe masikio, inasema asisikie, na haya ni mambo mawili tofauti ambayo watunga kanuni hawakuyafikiria. Nikaimba wimbo wa taifa kimoyomoyo. Beti zote nne. Nikarudia. Nilipofika katikati ya ubeti wa tatu kwa mara ya pili, kikapasuka kitu kikubwa mle ndani, praa! Mlango ukafunguliwa.

Akatoka Zawena. Kilemba hana, ukosi wa gauni umechanika mpaka begani, mkononi ameshika mguu wa kiti. Hakuniangalia. Alinipita akashuka ghorofa nne zote na ule mguu. Nyuma yake akatokea Profesa Mtwale akishika paji la uso, damu inachuruzika kwenye tai.

"Kiti!" nikapiga kelele, mwenzenu. Kilikuwa kiti namba 0417, mpingo, mali ya chuo.

Ndipo nilipoiona ofisi yetu ikifanya kazi. Mama Mkurugenzi alikimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia. Mapazia yalipatikana ndani ya nusu saa, yakafunika kuta zote nne, kumbe yalikuwapo stoo tangu uzinduzi. Profesa akaingizwa, akakalishwa kwenye kochi, akaletewa chai ya tangawizi. Hakuulizwa amevaa nini. Hakuulizwa meno. Nilipouliza nichape nakala ngapi, Daktari Kiloloma alinikata jicho. "Nakala? Una wazimu, Mpalule? Huyu mtu ameathirika!" Mpaka leo hakuna ajuaye Profesa alisema nini mle ndani. Mshauri wa ofisi alimsikiliza asubuhi nzima, akamshika mkono, akamwandikia likizo ya miezi mitatu kutuliza moyo. Ripoti ya mwaka imeandika: mhudumiwa mmoja, ameridhika.

Kosa la Zawena, kwa bahati yake mbaya, halikuwa la siri. Kuharibu mali ya chuo husikilizwa hadharani. Saa nane mchana ule ule Ukumbi Mkuu ulijaa mpaka madirishani, vipaza sauti vikafungwa nje kwa waliokosa nafasi. Makamu Mkuu wa Chuo aliongoza mwenyewe, amevaa joho. Mezani palikuwa na vipande vya kiti, vimefungwa utepe wa rangi za bendera. Hukumu nilikuwa nimekwisha ichapa kabla ya chakula, kuokoa muda: amefukuzwa chuo, tasnifu yake imetaifishwa. Miaka ile minne nikaiandika katika mstari mmoja, na nafasi ikabaki.

Wakaniita shahidi. Safari hii niliruhusiwa.

"Mzee Mpalule," akasema Makamu Mkuu, "wewe ulikuwa kwenye korido. Uieleze hadhara hii, ulisikia nini?"

"Nilisikia kiti, Mheshimiwa."

Makofi. Profesa Mtwale, plasta usoni, akainamisha kichwa kama mfiwa.

"Mtuhumiwa ana swali kwa shahidi?"

Zawena akasimama. Alikuwa ameshikiza ukosi kwa pini ya nepi, sijui nani alimpa. Hakulia. Mama yake alikuwa amekaa mstari wa mbele, amekuja mapema kwa ajili ya mahafali ya mwanawe, na kitenge kipya bado kina karatasi ya dukani.

"Baba," akasema Zawena kwenye kipaza sauti, "kabla ya kiti ulisikia nini?"

Nikaviangalia vile vipande vya kiti mezani.

"Nilikuita kwa jina," akasema. "Waambie tu kama nilikuita. Sitaki kingine."

Nikamtazama Mama Mkurugenzi. Aliweka mkono kifuani, akatikisa kichwa kidogo tu, kwa upole. Nikakohoa. Nikajibu kama inavyompasa mtumishi wa umma wa miaka ishirini na tisa, kwamba mambo yote yaliyotangulia kiti ni siri ya ofisi, na siwezi kuyasema mbele ya watu.

Wakanishangilia wamesimama. Mwezi uliofuata walinipandisha cheo.

Mara saba, jamani. Aliniita mara saba.